Yah: Bandama Tuliyoipapasa Sote Wanane

Guangzhou,
14 Novemba 1998

Ndugu Afisa wa Ufadhili,

Mimi Hafidh Mbarak, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tano kwa ufadhili wa ofisi yako, nakuandikia kwa heshima zote na kwa hasira kidogo. Nimefelishwa na mashine. Nikifeli tena Januari narudishwa nyumbani bila shahada, na mama yangu amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mimi ni daktari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani wa kumpapasa mgonjwa ulikuwa na adabu zake hapa. Wa kwanza kwenye foleni anabonyeza tumbo, anatangaza alichokihisi, nasi tuliobaki tunahisi hichohicho. Sasa wameleta mashine ya altrasaundi, inayoona hadi ndani ya tumbo, ipite nyuma yetu kuikagua mikono yetu. Haijali nani ametangulia kusema nini.

2. Mgonjwa wetu alikuwa Bwana Macharia, Mkenya anayenunua nguo za jumla Zhanqian Road, aliyejitolea kwa ahadi ya chakula cha mchana. Sote wanane tuliikuta bandama yake imevimba, vidole viwili chini ya mbavu. Mimi nilisema viwili na nusu, kwa kuwa napenda usahihi. Mashine ikaonyesha hana bandama. Ilitolewa Nakuru miaka tisa iliyopita, baada ya ajali.

3. Bwana Macharia alilijua hilo muda wote, akalala kimya akitutazama. Kovu tuliliona, lakini hakuna aliyetuuliza habari za kovu.

4. Profesa wetu naye alimpapasa asubuhi ile, na kwenye karatasi yake ya majibu aliandika vidole viwili. Sisi tumefeli, yeye amesifiwa kwa kuileta mashine. Tukinyamaza, kesho itapelekwa wodini kwa wagonjwa wa kweli, na hapo nani atabaki daktari?

Naomba basi uandike rasmi mashine iondolewe. Ikishindikana, Bwana Macharia atafutiwe bandama ili matokeo yetu yasimame.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na Bi Gaudiosa wa masjala, aliyepoteza faili langu mara mbili tu.

Wako mtiifu,
Hafidh Mbarak

Tanbihi: Tafadhali barua hii isifanyiwe kazi kabla ya mwezi ujao kwisha. Mke wangu Swalha ana mimba ya miezi minane, na daktari wake ni Kassian, Mtanzania mwenzetu aliyefaulu mwaka jana kwa mikono mitupu. Jana alimpapasa akasema kichwa cha mtoto kiko chini. Nikamuuliza amejuaje, akajibu kwamba nesi ndiye aliyetangulia kusema. Nimeogopa kweli. Leo asubuhi nimempeleka Swalha kwenye mashine. Mtoto ametanguliza matako.