Divai ya wakwe nimeimwagia mugomba

Leo nimejitia aibu mbele ya wakwe, na waliosababisha nawataja. Wa kwanza ni Rashidi, fundi mwenzangu wa garaji. Wa pili ni mimi.

Leo walikuja kutuposea Claudine. Ni mutoto wa kaka yangu. Kaka waliniulia wakati wa vita, mutoto akabaki mikononi mwangu bado ananyonya. Waliomuua nawajua kwa majina, mpaka leo tunasalimiana sokoni. (Tuache hiyo. Ilikuwa siku ya furaha.) Nimemulea kwa spana na grisi. Posa ikiharibika, imeharibika kwangu.

Asubuhi nikamuuliza Rashidi: wakwe wanaleta divai, mi sijawahi kuinywa, nitajuaje nzuri?

"Angalia chini," akanijibu. "Ukiona uchafu, imekufa. Ni kama mafuta ya moteri."

Rashidi ni Muislamu safi, hajaonja hata bia! Na mi nikamuamini! (Shule niliacha darasa la tatu, lakini hii haikuhitaji shule.)

Saa nane wakafika kwetu, mutaa wa Musaga. Hema uani, viti vya kukodi, hotuba ndefu. Bia zikashuka, pombe ya ndizi ikashuka. Ndipo muzee Silvestre, baba ya kijana, akatoa kwenye kitambaa chupa moja nyeusi. Akaifungua polepole kama mutu anayefungua bandeji ya kidonda. Akanitilia kidogo, kidole kimoja tu, mu glasi kubwa kama kichwa cha mutoto.

"Bamwana, onja." (Ndivyo wazazi wa pande mbili tunavyoitana.)

Nikamutazama. Kwetu aliyeleta kinywaji ndiye anaonja kwanza, wote waone hakina sumu. Vita nilivivuka hivyo.

"Apana, Bamwana. Anza we."

Akacheka, akaonja, akanitilia tena. Nikanywa. Yesu wangu! Ulimi ukakauka kama nimelamba ndizi mbichi. Nikainua glasi kwenye mwanga: uchafu mweusi chini! Nikachovya kidole, nikasugua na gumba, vile tunavyopima mafuta. Wakwe wote wananitazama.

"Pole, Bamwana," nikasema kwa sauti ya fundi. "Hii imekufa. Wamekuibia dukani."

Kabla mutu hajafungua mdomo, nikashika chupa, nikaimwagia shina la mugomba. Glu, glu, glu. (Nilijiona shujaa!)

Claudine akafunika uso.

"Hiyo," Silvestre akasema polepole, "sikununua dukani. Nilipokuwa mukimbizi Ufaransa nilivuna zile zabibu kwa mikono yangu. Mizabibu ilipandwa na babu ya bosi, kwenye kilima cha mawe matupu. Ina karibu miaka mia. Muti ukizeeka vile unazaa kidogo sana, lakini nguvu yote inaingia mu hizo chache. Ule uchafu ni zabibu yenyewe, haichujwi. Nimeitunza miaka ishirini na mbili, nangoja huyu kijana aoe."

Nilitamani ardhi ininywe pamoja na divai.

Nikaanza kuomba msamaha. Mutoto nimemulea miaka yote, nimemumwaga kwa dakika moja!

Silvestre akautazama ule mugomba.

"Baba ya Claudine aliitwa nani?"

"Emmanuel."

"Basi," akawageukia watu wake, "Emmanuel ndiye alikuwa hajapewa. Sasa amekunywa. Sisi tugawane iliyobaki."

(Moshi wa jikoni uliingia machoni, mutu asiniulize.)

Mu chupa vilibaki vidole vitatu. Watu kumi na wawili, glasi moja. Zamu yangu ilipofika sikumeza haraka. Kwanza ule ukavu. Ukingoja, nyuma kabisa kunatokea utamu wa kinyomoro, lile tunda jekundu la mutini, kilichoiva mpaka kikaanguka chenyewe. Haufiki mbio, kama muzee anayepanda mulima.

"Imekufa?" mama ya kijana akanichokoza.

"Imefufuka, Mama."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Claudine.

Posa imekubaliwa. Na kamati ya harusi imeshanipa kazi: nitasimama barabarani, kuonyesha magari mahali pa kuegesha. Vinywaji vitakuwa upande ule mwingine.