Tangazo la Mama Yake Sunday

Jumatatu, 9 Februari. Koboko.

Nimefika kutoka Arua. Begi moja, laptopu mbili. Redio ndogo ya hapa inatafuta fundi wa kudumu. Fundi huyo ni mimi, ila wenyewe hawajajua. Madam Driciru, mkuu wa redio, alinionyesha kompyuta ya studio inayopiga nyimbo na matangazo. Imezeeka, inakwama katikati ya wimbo. Nikamwambia dawa yake ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo wa Linux. Akauliza kama ni lazima kila kitu. Nikasema kila kitu. Nimefuta.

Shamim naye alikuwepo, binti anayetengeneza simu na kompyuta sokoni. Anaitaka kazi hiyohiyo. Akasema programu ya redio inapatikana ikiwa tayari kwenye kifurushi, unaiweka na kwenda zako. Nilicheka kwa upole. Hiyo ni chapati ya kununua. Mimi nakanda unga mwenyewe: nachukua msimbo wake wa asili na kuijenga programu papo hapo. Driciru alivutiwa, nadhani.

Jambo moja nimelirekebisha mapema. Kompyuta ilikuwa inasema saa nane, saa ya kizungu, wakati Koboko nzima inajua ni saa mbili asubuhi. Aibu. Sunday, mtangazaji, husoma matangazo ya vifo saa moja jioni, na mashine inamwambia ni saa saba. Nimeirudisha nyuma saa sita ili ikubaliane na watu, nikazima tabia yake ya kujisahihisha mtandaoni. Sijamwambia mtu. Fundi mzuri haelezi kila kitu.

Jumanne, 10 Februari

Ujenzi umekataa. Kinakosekana kipande cha sauti ambacho programu inakitegemea. Nikakiagiza mtandaoni. Mfumo ukakataa kuagiza: eti orodha ya vifurushi vya programu haijaanza kutumika, bado saa kadhaa. Orodha ninayoiona kwa macho yangu!

Nimekata shauri kwamba kosa ni la mtandao wa Koboko. Nikapanda na laptopu na simu juu ya mnara wa tangi la maji, nikakipakua kile kipande huko, nikakileta kwa flashi. Kompyuta ikasema si cha toleo lake. Shamim alipita akauliza ujumbe wa kosa unasemaje. Nilimjibu kwamba ujumbe wa kosa haumhusu kila mtu.

Jioni Sunday alisoma vifo kwa mdomo. Ana sauti nzito, ya taratibu. Hata wauza nyanya wa jirani walinyamaza. Kisha akanipa mihogo ya kuchemsha, akasema mama yake ameituma kwa yule fundi wa Arua aliyekonda.

Jumatano, 11 Februari

Mama yake Sunday amefariki alfajiri. Mihogo yake bado ipo kwenye sahani yangu.

Sunday alikuja studio asubuhi, macho mekundu. Mfiwa hakai redioni siku hiyo, anakaa na maiti wake. Kwa hiyo alirekodi tangazo na kuniachia. Aliwataja wajomba zake mmoja mmoja. Wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Congo, bondeni ambako simu hazishiki lakini redio inashika. Akasema mama atazikwa kesho saa nane mchana. Watu wa kwao wasipofika kumwona, wazee hawataruhusu ashushwe kaburini.

Akaniambia: "Fundi, hii iende leo saa moja jioni. Wajomba wanajua sauti yangu. Bila hii, mama iko peke yake."

Driciru akasema angeweza kulisoma yeye mwenyewe, kwa usalama. Niliumia. Nikamwapia kwamba jioni mashine itakuwa tayari.

Mchana nilitoka kwenda kula. Shamim alibaki studio, amefuata chaja yake. Niliporudi nikaagiza kile kipande tena, kwa kukata tamaa tu. Kikaja! Nilijua: kompyuta nayo inahitaji kupumzika. Ujenzi ukapita, mistari ikashuka kwa kasi, programu ikasimama. Nikapiga wimbo wa majaribio, ukalia. Nikaliweka tangazo la Sunday lilie saa moja. Nikamwambia Driciru tufunge studio twende kilioni, mashine itafanya yenyewe.

Kilioni hakuna redio, kwa heshima ya marehemu. Ilipofika saa moja nilimnong'oneza Driciru kwamba sasa hivi wajomba wanasikia. Akanishika mkono, akanishukuru. Nilifikiria dawati langu jipya, kisha nikaona haya, kisha nikalifikiria tena.

Alhamisi, 12 Februari

Saa sita mchana, jeneza chini ya turubai, wajomba hawapo. Wazee wanatazama barabara ya mpakani.

Saa saba, mtu wa bodaboda aliegesha nje ya ua, redio yake imewaka. Ikatoka sauti ya Sunday, nzito na ya taratibu, ikisema mama yake amefariki, na atazikwa kesho. Sunday mwenyewe alikuwa amesimama kando ya jeneza. Watu walimtazama, wakaitazama redio. Dada yake akaanza kulia upya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yule wa bodaboda akatumwa ng'ambo awalete wajomba mbio. Alirudi peke yake. Wamemjibu kwamba mazishi ni kesho, wamesikia kwa mdomo wa Sunday mwenyewe, na yeye ni nani wa kubadilisha maneno yake. Wazee wakaamuru jeneza lirudishwe ndani.

Shamim alimweleza Driciru, na watu wote wakasikiliza. "Saa ya kompyuta ilikuwa nyuma, saa sita. Orodha ya leo, yeye anaona kama ya kesho, anakataa. Mi nilidhani betri ya saa iko mubaya. Jana nilirudisha saa." Kwa hiyo nilipoandika saa moja, mashine ilikuwa imeshakuwa ya kizungu. Saa moja yao mchana ni saa saba yetu. Na kwa jana ilikuwa imeshapita.

Sunday alinifuata nyuma ya jiko. Hakupaza sauti. "Raphaël, usiku wa jana watu wa mama wangelala hapa na yeye. Sasa alilala bila wao." Akarudi ndani. Nimelia. Sioni aibu kuandika.

Ijumaa, 13 Februari

Wajomba wamefika mapema, suti zimepigwa pasi, wanaimba. Walishangaa kuambiwa wamechelewa. Walimwona dada yao, akazikwa. Sunday hakunitazama. Nilibeba viti bila kuombwa, mpaka mkono ukavimba. Kazi amepewa Shamim.

Jumatatu, 16 Februari. Arua.

Nimemsimulia mke wangu Marcelline. Amesema mama yake akifa, atakwenda kuwaita ndugu kwa miguu.

Nimelitafakari jambo hili kwa moyo mzito. Saa yangu ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba mtu aliweza kuigusa.

Mungu ni mwema, kazi nyingine imepatikana. Mzee Ayiko wa Inde anataka kompyuta ya vipaza sauti vya sokoni, itangaze bei, ibada na vifo. Nimeiweka saa ya watu, saa sita nyuma, nikaifungia kwa nywila. Sijamwambia. Programu nimeinakili kutoka laptopu yangu, naijenga kutoka msimbo. Ujenzi umekataa: kompyuta inasema mafaili yangu ni ya wakati ujao. Nimeiacha iwake. Wakati utafika.

Mzee Ayiko ameuliza kama anaweza kuleta tangazo la dada yake, anayezikwa keshokutwa. Nimemwambia alete.