Wiki ya Ndoa Halisi

Inatangazwa kwa umma wote wa Hexcombe, walio hai na waliotangulia, kwamba Ofisi yetu ya Kuhamisha Misamaha ya Marehemu imeadhimisha Wiki ya Ndoa Halisi kwa mafanikio makubwa. Marehemu ambao misamaha yao haijahamishwa wanaombwa kuwa na subira. Mafaili yao yanashughulikiwa.

Mimi ndiye ninayegawa namba mlangoni, kwa hiyo naweza kusema kwa niaba ya ofisi.

Sheria yenyewe nyepesi. Mtu akifa, kuna sehemu ya mali yake ambayo kodi ya mirathi haiigusi. Huo ndio msamaha wake. Akimwachia mwenzi wake kila kitu, kodi haiingii kabisa, na msamaha ambao hakuutumia anabaki nao mwenzi, juu ya ule wa kwake. Mwenzi maana yake mwenzi wa cheti. Mkurugenzi wetu, Bwana Crispin Lathbury, alibandika ukutani kwa herufi kubwa: MAPENZI SI KIAMBATISHO.

Jumatatu, namba kumi na nne aliichukua mzee Cyril Tapscott, anakokota mtungi wake wa oksijeni, pamoja na Bibi Maud, ambaye amekaa naye miaka thelathini na minane. Nyumba wanayoishi imeandikwa jina la Cyril. Daktari alishamwambia asijisumbue kununua koti jipya la baridi.

"Tumekuja kuandikisha msamaha wangu uende kwa mke wangu," Cyril akasema.

Mkurugenzi akanyoosha mkono. "Cheti cha ndoa."

"Cha karatasi hatuna. Lakini si mnajua, watu wakikaa miaka saba sheria inawahesabu."

"Sheria gani?"

"Kila mtu anaijua," Maud akasema.

"Mama, sheria hiyo haipo. Haijawahi kuwepo. Wewe kwa Bwana Tapscott ni sawa na mpita njia."

"Mpita njia anayemfulia chupi."

"Ufuaji hauna fomu, mama."

"Sasa akifa?"

"Utarithi kama rafiki, na nyumba itatozwa kodi. Wengi huuza ndipo walipe. Ni utaratibu mzuri. Waliokwisha kuhama hawajaleta malalamiko hata siku moja."

Cyril akamgeukia Maud. "Nilikwambia tuoane mwaka ule."

"Ulisema tununue karavani ya kwendea likizo kwanza."

Gwen Orchard, mkaguzi wa vyeti, akawaambia taratibu kwamba bado wanaweza. Waende kwa msajili wa ndoa leo hii waandikishe nia ya kuoana, halafu wasubiri siku ishirini na nane. Cyril akautazama mtungi wake jinsi mtu anavyotazama saa.

Ijumaa, siku ya kilele, Mkurugenzi akaamua kuonyesha mfano. Alimleta mkewe, Bi Philippa, na mpiga picha wa jarida la ofisi, na cheti chao ndani ya fremu ya dhahabu. Amri ya kwamba kila cheti kikaguliwe bila kujali cheo ilikuwa yake mwenyewe.

Gwen akakisoma mara mbili.

"Mkurugenzi, aliyesaini hapa ni nani?"

"Aliyetufungisha. Tulioana likizoni, ufukweni."

"Imeandikwa Meneja wa Burudani."

"Alikuwa mtu makini sana."

"Na serikali ya kule iliandikisha?"

"Hoteli ilisema malipo yamejumuisha kila kitu."

"Yalijumuisha keki," Philippa akasema.

Gwen akachukua mhuri wa HAKITAMBULIKI akaugonga juu ya kioo, polepole kisivunjike.

Philippa akamgeukia Gwen. "Kwa hiyo hii miaka ishirini na miwili mimi nilikuwa nani?"

"Kwa mwongozo wetu, mama, mmekuwa mkiishi kinyumba."

"Na nyumba? Shangazi aliniachia mimi, kwa jina langu."

"Basi ni yako. Bwana Lathbury humo ni mgeni."

Mpiga picha aliendelea kupiga. Hakuna aliyemwambia aache.

Siku ishirini na nane zikapita, Cyril akiwa hai, amekonda ndani ya suti. Mashahidi kwa msajili walikuwa Gwen na Philippa, aliyejitolea mwenyewe aliposikia habari za Maud. Mimi nilishika mtungi. Bwana harusi alisema "ndiyo" kabla hajaulizwa, kuokoa pumzi. Maud alitia saini, akauliza kama anaruhusiwa kuondoka na cheti siku hiyohiyo. Aliruhusiwa. Akakitia ndani ya blauzi.

Mara Mkurugenzi akaingia na maua, pasipoti mbili na nakala tatu za kila kitu. Akamweleza msajili kwamba yeye na mkewe wanaandikisha nia leo.

"Na wewe, mama, uko tayari?" msajili akamwuliza Philippa.

Philippa alikuwa anamfunga Cyril vifungo vya koti.

"Leo nimekuja kwa ajili ya Maud," akasema. "Huyu bwana sijui ana haraka ya nini. Mimi mzima wa afya."