Maharage Tisa ya Chuo cha Useremala

Jumamosi, 6 Septemba

Wewe Hidaya, funga daftari hili. Nimelificha chini ya gunia la mahindi na bado mkono wako umefika. Mjukuu mzima, fundi cherehani, wateja wanangoja sketi za shule, wewe unachungulia mambo ya bibi yako. Huna haya.

Sasa, ya leo. Nimegombana na Mbaraka.

Nilikwenda dukani kwa Juma kuchukua chumvi. Nikakuta watu wamejazana ukutani. Mzee Mbaraka, karani mstaafu wa misitu, kabandika karatasi. Utabiri wa msimu wa timu za vyuo, zile nne ambazo ligi ya wilaya ilizikataa, nazo zikaona bora zijiite timu huru. Useremala, Nyuki, Mboga na Upishi. Kila Septemba vyuo vikifunguliwa wanacheza wao kwa wao siku moja, uwanja wa Useremala, basi, mpaka mwaka mwingine. Karatasi imejaa asilimia. Asilimia ya mabao, asilimia ya wachezaji wa zamani, asilimia ya mvua. Mbaraka anaionyesha kwa fimbo kama mwalimu.

Nikamwambia miti aliyoihesabu miaka thelathini ilikuwa imesimama, hawa wanakimbia. Watu wakacheka. Akaniuliza mbele yao, mtu wa darasa la tatu anaijua asilimia? Nikamjibu asilimia siijui, miguu naijua, nimechunga mbuzi.

Hapo tukawekeana. Hidaya asije kuniambia habari ya kamari. Kamari ni fedha. Sisi tumewekeana shikamoo.

Mimi na Mbaraka hatujawahi kupeana shikamoo. Yeye anadai ni mkubwa kwangu. Mwongo. Nimembeba mgongoni huyu, akanikojolea. Anasema niliyembeba ni mdogo wake. Vyeti vya kuzaliwa hatuna, na waliotuona tukizaliwa wamekwisha kufa. Basi miaka sitini kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Asubuhi tunaambiana "onga makeo", ya Kishambaa, maana hiyo haina mkubwa wala mdogo. Jioni tunakohoa, tunapishana.

Sharti ni hili. Kila mtu anataja timu moja na kuibandika ukutani Alhamisi, siku ya soko. Jumamosi wanacheza. Ambaye timu yake itamaliza nyuma ya timu ya mwenzake, Jumapili, soko la pili la wiki, mbele ya watu, anatoa shikamoo. Na kuanzia hapo kila siku mpaka kaburini. Tukitaja timu moja, shauri limekufa. Juma ndiye shahidi.

Mpaka kaburini. Nikishindwa, hata matangani watasema amekufa yule mdogo wake Mbaraka.

Jumapili, 7 Septemba

Mbaraka anahesabu kwa mashine ya mkononi, ile ya kujumlisha. Mimi ninayo maharage.

Leo wanafunzi wamefika. Nikakaa stendi tangu asubuhi na sinia la viazi vya kuchemsha. Siuzi. Natazama magodoro. Mwanafunzi mgeni anashuka na godoro jipya, bado lina nailoni. Aliyerudi anashuka na godoro kuukuu limefungwa kamba. Akiwa na viatu vya mpira shingoni, ni mchezaji. Namuuliza chuo gani, anasema shikamoo bibi, Nyuki. Marahaba. Harage jekundu mfukoni. Mgeni, harage jeupe.

Kosa lilikuwa moja tu. Alishuka kijana mpana wa kifua, godoro limechakaa vizuri. Nikamuuliza anacheza nafasi gani. Akasema yeye ni mchungaji, anahamia Mlalo. Nikamrudishia heshima yake, na harage lake jekundu nikalitupa.

Jumla ya mekundu. Mboga mawili. Nyuki manne. Upishi matano. Useremala tisa.

Tisa kati ya kumi na moja. Nani tena anahitaji asilimia?

Mbaraka akapita na mashine yake, akauliza nimebeba nini. Nikamwambia mbegu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepanda mpaka chuo cha Useremala kuwaona hao tisa. Goti linauma, lakini takwimu haziletwi nyumbani.

Nimeridhika. Hawa watu wana nidhamu. Hawafanyi mazoezi uwanjani ambako kila mtu anawaona. Wanafanya nyuma ya lundo la mbao, kimya kimya, na mmoja wao amekaa juu ya lundo analinda. Akiona mwalimu anakuja, anapiga mluzi, wote wanashika randa. Hivyo ndivyo mbinu zinavyofichwa.

Na uzoefu wao! Mshambuliaji wao anaitwa Alen, mtoto wa manamba wa mashamba ya chai kule Bumbuli, ana mapaja kama mihimili. Yuko mwaka wa pili kwa mara ya tatu. Kipa ana ndevu na mtoto wa darasa la kwanza. Nikamuuliza Alen, hawa wote ni wa zamani? Akainamisha kichwa, akasema bibi, hakuna hata mmoja aliyetoka.

Chuo kizuri kinakaa na watu wake.

Nikaandika majina yote tisa. Wakanisihi nisiyataje chuoni. Nimeapa kwa Mungu. Chuoni sitataja.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa. Mbaraka naye kapanda Useremala. Amerudi dukani kwa Juma akiwa na vumbi la mbao kwenye kofia, anasema asilimia zake zimegeuka, anaelekea kutaja Useremala.

Akiitaja na mimi nikiitaja, shauri limekufa, na mimi nitaendelea kukohoa jioni mpaka kiama. Haiwezekani. Miaka sitini nimengoja, halafu anakuja kujificha nyuma ya timu yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata dawa.

Mbaraka anaujua mwandiko wangu, anasema unafanana na njia ya kuku. Nikamwita Hidaya, nikampa karatasi, nikamwambia aandike kwa mkono wa kiume: *Chuo cha Nyuki, siri. Wamerudi kumi na watano. Mmoja alikwisha kufanyiwa majaribio Tanga mjini.* Hidaya akauliza kama si dhambi. Nikamwambia dhambi ni kuweka sketi ya mtu wiki mbili.

Karatasi nikaikunja, nikaipenyeza kwenye kiti cha Mbaraka pale barazani kwa Juma, chini ya ule mto wake. Nikajitia nachagua dagaa. Akaja, akakaa, akainuka. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaitia kwenye mfuko wa koti.

Karani mzima. Miaka thelathini serikalini, na anaokota siri chini ya makalio yake.

Mchana nimempelekea Alen na wenzake sufuria ya makande yenye karanga. Mchezaji halishwi maneno. Wamelamba mpaka mwiko.

Alhamisi, 11 Septemba

Soko limejaa. Karatasi ziko ukutani.

Ya Mbaraka: Nyuki. Kwa herufi kubwa, amepiga mstari chini kwa rula. Anazunguka akiwaambia watu kwamba ana vyanzo vyake. Nimecheka mpaka nikashika nguzo.

Yangu: Useremala. Na chini yake, kwa sababu mimi si mtu wa kuficha ushahidi, majina yote tisa ya waliorudi, na miaka waliyokaa. Alen, mitatu. Kipa, minne. Nimeapa nisitaje chuoni, na soko si chuo.

Imesomwa sana. Hata Mwalimu Tabitha, yule mama mrefu mkuu wa taaluma kule Useremala, alikuja kununua kabichi akasimama. Akanisalimu shikamoo vizuri, ana adabu. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika hawa tisa ndio wanaocheza Jumamosi. Nikamwambia nimewaona kwa macho yangu nyuma ya lundo la mbao, na mwenye shaka akahesabu mwenyewe. Akatoa kalamu, akanakili majina yote. Nikamshikia kabichi aandike vizuri. Akasema bibi, umenisaidia sana.

Hiyo ndiyo tofauti. Mbaraka anasomwa na wavivu wa barazani. Mimi nanukuliwa na walimu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui niandike nini.

Nimefika uwanjani mapema, kanga mpya, nimekaa mbele kabisa. Mbaraka akakaa upande wa pili. Hata kukohoa hatukukohoa.

Refa akaita Useremala na Upishi. Upishi wakaingia kumi na mmoja. Useremala wakaingia wawili. Wawili, na mpishi wa chuo kavaa glavu za kipa. Refa akangoja robo saa. Sisi tukangoja. Kukawa kimya, isipokuwa nyundo. Ngo, ngo, ngo, kutoka karakana iliyo juu ya uwanja.

Nikapanda mwenyewe. Goti nimelisahau. Nikachungulia dirishani. Wale tisa wote wako ndani, jasho linawatoka, kila mmoja anapigilia stuli. Mlangoni Mwalimu Tabitha, na ufunguo.

Kumbe wote tisa walifeli mtihani wa mwaka. Ndiyo maana wamerudi. Mtihani wa marudio ulikuwa leo, saa ile ile ya mechi, nao walipanga kuutoroka. Mwalimu hakujua nani na nani wako kwenye timu mpaka alipokwenda sokoni kununua kabichi.

Alen akaniona. Akanyanyua nyundo. Akasema, "Bibi, si ulituapia?"

Nikamwambia apigilie msumari wake, asinitazame.

Upishi wakapewa ushindi wa mezani. Nikajipa moyo, bado Nyuki hawajacheza. Wakaingia Nyuki. Jana yake walikuwa na mafunzo ya kurina asali. Kipa na washambuliaji wawili, kila mmoja jicho moja limefumba, beki mdomo umevimba hawezi kuita pasi. Mboga wakawafunga sita. Nikaanza kupumua. Nikahesabu kwa vidole, Nyuki na Useremala wote wameshindwa, wako sawa, shauri limekufa.

Refa akasema kuna mechi ya mshindi wa tatu. Nyuki na Useremala. Nyuki wakaingia kumi na mmoja, macho kumi na tisa. Useremala wakaingia wawili, maana mpishi alikwisha kwenda kutazama ugali. Ushindi wa mezani.

Nyuki wa tatu. Useremala wa nne.

Mbaraka ameshinda kwa timu ambayo haikufunga bao hata moja. Timu ambayo asingeitaja kabisa kama mimi nisingemwandikia ile karatasi. Hili sitamwambia mtu. Hidaya, nawe utafunga mdomo, la sivyo cherehani nauza.

Mabingwa ni Mboga. Maharage mawili.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi nikafunga kitambaa shavuni, nikalala. Nikasema jino. Hidaya akasema bibi, jino hilo uling'oa mwaka juzi.

Nikaenda.

Mbaraka amekaa barazani kwa Juma, kofia imepigwa pasi, fimbo katikati ya magoti. Ametandikiwa jamvi, mtu huyu. Watu wamesimama na vikapu vyao, hawanunui wala hawauzi. Juma akasema mgoshi, yaani mwanamume wetu, Mbaraka yuko tayari, na Bibi Mwanahamisi kafika.

Nikajaribu kueleza kwanza. Nikasema kwa haki Useremala haikufungwa hata bao moja kwa mguu, wakati Nyuki wamefungwa sita, kwa hiyo kitakwimu ulinzi bora ni wangu. Watu wakasema bibi, toa shikamoo.

Nikaitoa. Nimeitoa kwa sauti, sikuimung'unya. Mwanamke wa Kishambaa halipi deni kwa mafungu. "Shikamoo."

Mbaraka akanitazama. Akavua kofia, akaivaa tena. Miaka sitini si mchezo. Halafu akajikohoza, akajibu taratibu, kila mtu akasikia.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu.

Shikamoo tulipatana. Mwanangu hatukupatana. Nikageuka, nikaondoka, hata chumvi sikuchukua. Njiani binti anayeuza karoti, ambaye huniamkia kila siku, akasema habari za leo. Nikamtazama mpaka akajirekebisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Mungu si Mbaraka.

Alen amekuja. Nilidhani kaja na maneno, kumbe kaja na stuli. Anasema ni asante ya makande, na kwamba hana kinyongo. Nikamuuliza mtihani. Akasema Mwalimu Tabitha alizipima stuli zote kwa kuzikalia. Ya kwanza ilimwangusha. Ya pili ilimwangusha. Nane zimemwangusha, na ya tisa ya kipa hakuikalia, aliitazama tu, akatikisa kichwa.

Wamefeli wote. Wanarudia mwaka wote.

Nikamkalisha, nikampa chai, nikamuuliza tena polepole. Mwakani hakuna anayetoka? Hakuna, bibi. Hata mmoja? Hata mmoja. Na Mwalimu amesema mwakani mtihani utakuwa Ijumaa.

Tisa kati ya tisa. Uzoefu umezidi mwaka mzima. Haijapata kutokea takwimu kama hii Usambara yote, na Mbaraka amekwenda msikitini na kofia yake, hana habari. Nimekwisha kumpelekea Juma ujumbe. Tunawekeana upya. Safari hii anayeshindwa anatoa shikamoo na goti chini, na neno mwanangu ni marufuku.

Hidaya, najua unasoma. Weka hiyo sketi chini. Yale maharage tisa kwenye kikombe usiyapike. Chukua karatasi safi, andika kwa mkono wa kiume: *Chuo cha Mboga, siri. Mwakani watarudi kumi na wanane.* Kaipenyeze kwenye kiti cha Mbaraka, chini ya mto, kabla hajarudi kutoka msikitini. Ukirudi pitia kwa Juma, chukua chumvi, azima na nyundo. Fanya haraka, naandika nimekaa chini, kando ya stuli ya Alen.