Hotuba ya Kuzindua Mradi wa Kuonana kwa Mbali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa amepata udhuru ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Kuiandaa Kamati ya Maandalizi. Waheshimiwa wajumbe mliokaa kwenye viti vyenye mito. Waheshimiwa wananchi mliokaa kwenye mabenchi. Waheshimiwa mliosimama kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa ofisi yangu. Fundi wetu wa mitambo uliyeko chini ya meza. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja basi ajihesabu ametajwa. (Makofi. Fundi anajigonga kichwa kwenye meza.)

Ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wenzangu wamekiri hawajauona kwa kiongozi mwingine yeyote, kuzindua Mradi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Kuonana kwa Mbali kwa Njia ya Simu Janja na Kompyuta, ambao kwa kifupi, ili kuokoa muda, tutauita Mradi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu. (Makofi.) Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ofisi yangu imelikalia vikao jambo hili, ikalitafakari, ikala chakula cha mchana, ikaridhika kwamba wahenga walisema hivyo kwa sababu tu hawakuwa na intaneti.

Tatizo ni nini? Mwananchi ana simu janja, na ndani ya simu ana programu ya kupiga simu za video. Ofisi ina kompyuta, na ndani ya kompyuta ina programu ya kuchati. Sasa simu ikiita, kompyuta haiitiki. Kompyuta ikiita, simu inadai isasishwe kwanza. Ikisasishwa, inasema imejaa. Kitaalamu hali hii inaitwa upungufu wa kompatibiliti, na kwa lugha ya nyumbani ni mke na mume walionuniana, wanaoulizana kuhusu chumvi kupitia kwa mtoto. (Kicheko.) Utafiti tulioufanya kwa kuulizana wenyewe kwa wenyewe koridoni unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wananchi wana hamu ya kuonana na ndugu zao, na hao asilimia mbili waliobaki wanawafahamu ndugu zao vizuri.

Ili mradi usibaki kwenye makaratasi, tumemwalika mnufaika wa kwanza, huyu mama yetu wa kiti cha mbele, anayewafumia watoto wetu masweta ya shule, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Masweta. Binti yake anafua mashuka katika hospitali ya mji wa mbali, na huko huko amejifungua mtoto wa kike. Bibi hajamwona mjukuu hata ukucha. Amemfumia kofia, nami nimeiona, ni kofia ya kiwango cha juu, ila hajui aimalizie wapi kwa kuwa hajui kichwa chenyewe kina ukubwa gani. Simu yake ni ile ya kubonyeza, inatoa sauti na tochi basi. Ndipo akaja ofisini kwangu kulia shida.

(Mama Masweta, bila kuinuka: "Sikulia, mwanangu. Nilikuambia nataka nimwone mtoto kabla hajaota meno. Sasa ameshaota mawili.")

Ameshaota mawili, makofi kwa meno. (Makofi.)

(Mama Masweta: "Nitamwona saa ngapi?")

Utamwona, mama yangu, ila haraka haraka haina baraka, na mradi una awamu. Awamu ya kwanza ni maandalizi, na awamu ya pili ndiyo kuonana. Katika awamu ya kwanza wataalamu wetu walibaini kwamba simu ya binti na kompyuta yetu hazipatani kabisa, na mimi, bila kutikisika, nikatoa maelekezo kwamba binti aifikishe simu yake hapa ofisini ili ioanishwe na mitambo yetu, kisha arudi nayo alikotoka, halafu ndipo tumpigie.

(Minong'ono. Kinyozi wa kona, kutoka nyuma: "Aifikishe yeye mwenyewe?")

Yeye mwenyewe, ndugu yangu, simu haina miguu. Na ninayo furaha kutangaza kwamba binti ametekeleza, amepanda basi, ameshafika, yuko koridoni na simu yake. (Ukumbi unaguna. Mama Masweta anageuka kuutazama mlango.) Mama, tafadhali, macho mbele. Kufika kwa binti ni awamu ya kwanza. Ukimwona sasa hivi utakuwa umeruka awamu, na tathmini yetu yote itaharibika.

(Mtoto analia koridoni.)

(Mama Masweta: "Nani huyo analia?")

Huyo, mama, ni sehemu ya vifaa vilivyoambatana na simu. Naomba walioko koridoni watunze utulivu. Na anayefungua huo mlango naomba aufunge, vifaa visionekane kabla ya... binti, rudi kidogo, mwanangu, skrini bado haijafunuliwa. (Kicheko. Mama Masweta amekwisha kuinuka. Watu wanampisha.)

(Binti, mlangoni: "Shikamoo, mama. Waliniambia nilete simu tu, lakini huyu ningemwachia nani?")

(Mama Masweta anampokea mtoto, anamweka kifuani, anamtazama. Kisha: "Marahaba, mwanangu. Umekonda. Na huyu paji la uso kalitoa kwa marehemu baba yako, hakubakisha." Anafuta machozi kwa ncha ya kitenge huku anacheka.)

Mnaona wenyewe, ndugu wananchi, mfumo umeitangulia ratiba. Waandishi, andikeni. Picha haikatikikatiki, sauti haichelewi, bando halikuliwa hata kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu simu za video zianze, aliyepigiwa amelowa mate ya aliyepiga. (Makofi marefu. Vigelegele.) Milima haikutani, binadamu hukutana, hasa wakipewa maelekezo yenye weledi. Hata mimi, nisiyelia hovyo, nimefurahi mpaka nimetoa leso, ingawa taarifa rasmi itasema ni vumbi la ukumbi.

(Kinyozi: "Mheshimiwa, kaka yangu yuko ng'ambo ya bahari. Naye mtamwambia alete simu?")

Huyo tutamweka awamu ya tatu.

(Kinyozi: "Mwambieni aje na mke, hatujawahi kumwona.")

Pendekezo limepokelewa. Sasa tuseme kwa pamoja. Mradi Shirikishi! (Wachache: "Oyee.") Mradi Jumuishi! ("Oyee.") Kompatibiliti! (Mtoto anaitikia kwa chafya, ukumbi unaangua kicheko.)

Kabla sijashuka jukwaani, shukrani. Nalishukuru duka la picha la hapo jirani kwa kutuazima kompyuta hii tuliyoifunika kitambaa, na namwona mwenye duka amesimama dirishani, kwa hiyo aje tu aichukue. Namshukuru binti kwa kujilipia nauli. Intaneti tutaishukuru siku itakapofika jengoni kwetu. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wajumbe wa kamati, ambao mwaka mzima hawakulala wakilitafuta jina la mradi, jina ambalo nalitangaza rasmi kuwa limekamilika, tena limekamilika peke yake, kwa sababu mengine yote hayajawahi kuanza. (Hakuna anayepiga makofi. Viti vyenye mito vimebaki vitupu; wajumbe na wananchi wamemzunguka bibi.)

Asanteni kwa kunisikiliza, ninyi mlionisikiliza. Fundi, nishikie karatasi hizi. Jamani, nipisheni hapo mbele, na mimi nimwone mtoto.