Friji Iliyotaka Kuoa

Erasmus aligundua mgodi wake akila pilau ya harusi ambayo hakualikwa. Ukumbi ulikuwa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, naye alijikalisha kwenye meza ya wazee wa Kikongo kwa sababu huko nyama ilifika mapema. Hapo ndipo alipoona jambo. Kijana akija kusalimia, wazee hawakumtazama usoni, walitazama simu aliyoiweka mezani. Ikiwa mpya, aliulizwa habari za wazazi wake. Ikiwa imepasuka kioo, aliombwa apishe watu njia.

"Asante Mungu," Erasmus alijisemea. Alikuwa mtu wa shukrani, hasa kwa mali iliyokuwa bado mfukoni mwa mwenziwe.

Baada ya wiki mbili alikuwa na tovuti ya wachumba. Familia ziliweka picha za mabinti, vijana wakaingia kutazama, na hadi hapo hakuna jipya. Jipya lilikuwa kwenye kompyuta yake, ndani ya dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, ambalo unaliandikia amri nalo linakujibu kwa maandishi. Erasmus akiandika mstari mmoja tu, orodha ya wageni wa tovuti ilishuka: huyu kaingia kwa kifaa gani, cha mwaka gani, kutoka mji gani. Orodha hiyo aliwauzia akina baba kama ripoti ya siri. Kisha aliwageukia vijana wenye simu chakavu na, kwa ada ya heshima, akawaandikia simu mpya kwenye ripoti hiyohiyo. Alikula huku na huku, wala hakuvimbiwa.

Mzee Masumbuko, mpakiaji mizigo katika ghala moja la Jeffersontown, kule Louisville, alimwita nyumbani kwake Highview. Mzee alikuwa na shida. Binti yake Gentille, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni, alimpenda Paluku, kijana wa Buffalo anayehudumia wazee wagonjwa majumbani. Masumbuko alikuwa ameshamkataa kijana huyo mara mbili.

"Telefone yake inafungwa na scotch, Ingénieur," alilalamika, akionyesha kwa vidole utepe wa gundi unavyozungushwa. "Donc mutu anashindwa kuchunga telefone, atachunga mwanamuke?"

"Mzee wangu, tulia. Moyo wa mtu siujui, lakini kifaa chake nakijua." Erasmus akafungua kompyuta, akaandika amri yake kwa madaha ya mpiga kinanda, maandishi ya kijani yakashuka. Masumbuko alivua kofia.

Gentille alikuwa amesimama nyuma yao na birika. "Kaka Erasmus, dirisha inajua namna gani ni telefone gani?"

"Simu ikifika mlangoni hujitaja yenyewe, dada. Hodi, mimi ni simu fulani, toleo fulani. Dirisha linaandika."

"Na munaiamini?"

"Simu ina sababu gani ya kusema uongo?"

"Ni kweli," alisema Gentille, akamwongezea chai.

Hapa tuinamishe vichwa kidogo. Mtu huyu maishani mwake aliwahi kujitambulisha kuwa daktari wa mifugo, mpwa wa balozi na, kwa juma moja, mchungaji. Hakuwahi kufikiri kwamba simu nayo yaweza kujiita inavyotaka.

Jioni hiyo Gentille alimtumia Paluku mstari mmoja wa amri. Paluku aliuandika kwenye kompyuta ya kukodi kule Buffalo, kama alivyoelekezwa: mstari unapiga hodi kwenye tovuti ya Erasmus na kujitambulisha kwa jina lolote utakalo. Akaurudia mara kadhaa, kila mara akibadilisha jina.

Kesho yake Erasmus alikaribia kudondosha kikombe. Mgeni mmoja wa Buffalo, kwenye ukurasa wa Gentille: simu mpya kuliko zote. Kisha televisheni ya ukutani. Kisha gari la umeme. Kisha friji.

"Anamtazama msichana kwa friji!" Erasmus alinong'ona, na machozi yakamlengalenga.

Alimwandikia mgeni huyo papo hapo kupitia tovuti, akijitolea kuwa mshenga wake. Jibu lilikuja fupi: nakubali, ila mshenga wangu anisimamie kwa chochote nitakachopungukiwa. Erasmus alicheka. Mwenye friji ya namna hiyo apungukiwe nini?

"Friji yake inasoma internet?" Masumbuko aliuliza kwenye simu, Erasmus alipompa habari.

"Inasoma, mzee."

"Bon. Akuye."

Jumamosi sebule ya Highview ilijaa. Walikuwepo baba watano waliowahi kununua ripoti, wawili kati yao wakiwa wameshaoza mabinti kwa ripoti hizo. Mahari ilikuwa mbuzi kumi na wawili, ambao Louisville hufika kama pesa ndani ya bahasha. Erasmus alisimama, akainua ufunguo wa Toyota yake nyekundu. "Mtu wangu akipungukiwa hata kwato moja, gari hili ni lenu!" Watu wakapiga makofi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Paluku na suti ya kuazima. Aliketi, akaweka mezani bahasha na simu yake iliyofungwa kwa utepe wa gundi.

"Papa," alisema kwa adabu, "mbuzi niko nazo ine. Zingine nitazitafuta na hii mikono."

Masumbuko alisimama taratibu. "Ingénieur. Friji iko wapi?"

"Ao dirisha ilidanganya?" Gentille aliuliza kwa upole, sinia mkononi. "Sema tu, Kaka Erasmus. Bapapa bote banasikia."

Akina baba watano waliacha kutafuna. Erasmus aliwatazama mikono, mikono ya watu wanaobeba makasha kwa riziki, na akaogopa kwelikweli.

"Dirisha halidanganyi," alisema. Halafu akasema kama ambavyo hakuwahi kusema. Kwamba utajiri wa kijana huyu hauwekwi mezani. Kwamba huinua wazee wa watu kitandani bila kununa, husomesha wadogo zake, na hajawahi kumwambia Gentille uongo. Aliyabuni yote palepale, na ajabu ni kwamba yote yalikuwa kweli. Mwishowe akauweka ufunguo juu ya bahasha ya mbuzi wanne.

Kabla Masumbuko hajafungua mdomo, mkewe Nzigire alipiga kigelegele, na kigelegele hakirudishwi. Mzee aliupima ufunguo kiganjani, akamtazama binti yake anavyolia kwa furaha, akalainika.

"Basi mukipata siku yenu, mutaenda Buffalo na hii gari," alisema. "Mutoto yangu hataenda na bisi."

Aliyepanda basi ni Erasmus. Siku chache baada ya harusi, akiwa kwenye kiti cha nyuma karibu na choo, alifungua kompyuta na kuandika amri yake kwa mazoea tu. Mgeni mmoja mpya alikuwa amepiga hodi kutoka Buffalo. Jina la kifaa: Toyota nyekundu, tumefika salama, asante mshenga.

Aliusoma mstari huo mara tatu. Tangu aanze biashara ile, hicho ndicho kilikuwa kifaa cha kwanza kutoka Buffalo kumwambia kweli.