Suti ya Godoro

Jumatatu, 4 Agosti
Amekubali! Jumapili mimi na mke wangu tunaogelea chemchemini, kutazama samaki kwa miwani na mrija, kama enzi za uchumba. Yuko kwa dada yake tangu nilipofuga kambare kwenye tangi letu la maji ya kunywa. Akifurahi Jumapili, atarudi nyumbani. Asipofurahi, sitaki hata kuwaza. Nyumba imepooza. Nakula nimesimama.
Sharti lake ni asisikie baridi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekwenda chemchemini. Anayekodisha suti za kuzamia pale ni shemeji, kaka yake mke wangu. Kifua mbele, utadhani chemchemi kaichimba yeye. Nilimwambia nimetia mkono, maji yana uvuguvugu, suti za nini? Akasema mkono hauna habari. Maji yale ni digrii ishirini na tatu mwaka mzima, na ukikaa humo yanakunyonya joto polepole mpaka meno yanagongana. Suti ya mpira haizuii maji. Inashika maji kidogo mwilini, mwili unayapasha, basi umejifunika. Akanitolea mbili, bure.
Mke wangu avae fadhila za shemeji? Thubutu! Ila neno lake limeniingia: kinachotakiwa ni kitu kinachoshika maji.

Jumatano, 6 Agosti
Sponji! Nani anashika maji kuliko sponji? Nimechana godoro la chumba cha wageni, nikalipeleka kwa fundi cherehani. Akauliza kama nyumbani kwema. Nikamwambia akate tu. Vipimo vya mke wangu nilimtajia kwa kichwa, mabega, mikono, kiuno. Kiuno nilikitaja mara mbili. Nimemkumbuka sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Fundi kashona suti mbili. Nimeijaribu yangu bafuni. Imekunywa ndoo nzima! Kusimama nilishindwa, lakini nani husimama majini?

Jumapili, 10 Agosti
Siku mbaya.
Aliivaa suti yake ya sponji. Tukaingia, akanishika mkono. Chini yetu samaki wadogo walipita kundi zima, akaniminya vidole, nami nikajua anarudi. Kisha sponji ikaanza kunywa. Miguu yake ikazama kwanza, halafu yangu. Shemeji alituvuta kwa kamba. Mke wangu alitoka akitetemeka, midomo haina rangi. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alimpa taulo, chai, kisha suti ya mpira. Mke wangu akarudi majini peke yake. Mimi nikabaki ukingoni nikitazama mrija wake ukizunguka.
Alipotoka alikaa karibu yangu.
“Mimi nilikuja kuwa na wewe,” akasema. “Hata suti ya kukodi ingetosha. Kitu cha nyumbani, kabla hujakigusa, niulize.”
Nikalia mbele ya shemeji. Nikaapa.

Jumatatu, 11 Agosti
Amerudi! Begi lake liko mlangoni, viatu vyake viko chini ya kiti. Amejipumzisha chumbani na mimi nimekaa pembeni ya kitanda, naandika taratibu nisimwamshe. Sijui nimshukuru nani. Kiapo changu nakirudia hapa: sigusi kitu bila kumwuliza.
Nimebonyeza godoro letu kwa kidole. Gumu. Sponji yake imeshikana, si kama ile ya wageni. Hii isingekunywa upesi vile. Kumbe kosa lilikuwa la godoro!
Kesho anaingia kazini asubuhi. Nikimwuliza nitaharibu utamu wa zawadi. Fundi nimeshamwambia anoe mkasi.